Dhambi ya Kisu Iko Wapi?

Anayenunua kisu cha kukunja katika Soko la Kilombero, Arusha, hukikagua upesi: kinang'aa, kinafunguka bila kukwama, bei inapungua. Chuma chenyewe hakikagui, kwa sababu ubora wake hauonekani kwa macho. Hata hivyo ndicho kitakachoamua hali ya kisu hicho baada ya mwezi mmoja wa kumenya ndizi na kuchuna mbuzi.

Visu visivyoshika kutu huwa na kromiamu ya asilimia 12 hivi au zaidi, nayo hujenga juu ya bapa utando mwembamba unaozuia kutu. Vile vya bei ya chini, lakini, mara nyingi huwa na kaboni kidogo, na kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu kikipashwa moto na kuzamishwa ghafla. Matokeo yake kisu kinanoleka upesi na kuwa butu upesi. Springi ya lori ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi: inashika makali, na haivunjiki ovyo ikigonga mfupa. Tupa huzidi asilimia 1. Ikifuliwa kisu hukata vizuri mno, ila kikidondoka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kumeguka. Ndiyo maana sime nyingi za Afrika Mashariki zimezaliwa upya kutoka kwenye springi za magari yaliyochoka. Hazina kinga ya kutu, na utomvu wa ndizi mbichi huzitia weusi siku hiyo hiyo.

Hayo ni ya fundi. Chini ya Mlima Meru chuma kilizua pia swali la imani: kisu kikishamwaga damu, lawama ni ya nani?

Wamaasai wana wahunzi wao, Ilkunono, ambao kwa vizazi vingi walitengwa na jamii ile ile iliyotegemea mikuki yao. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani aliyehudumu Moshi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1904 kwamba watu wa koo nyingine hawakuoa mabinti wa wahunzi, na kwamba aliyepokea silaha kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza. Sababu aliyoelezwa ni kwamba Mungu amekataza kumwaga damu, na mhunzi, kwa kufua silaha, huwashawishi watu waimwage. Merker alikuwa askari wa dola iliyowatawala watu aliowaandika, kwa hiyo maneno yake yasimezwe mazima. Lakini kutengwa kwa Ilkunono kumeshuhudiwa na wengi baada yake.

Mwenye shaka atasema mafuta yale yalikuwa kinga ya kutu tu, iliyovikwa joho la dini baadaye. Hoja hiyo haisimami. Mafuta ya kuzuia kutu hupakwa kwenye chuma. Haya yalipakwa kwenye kiganja.

Hukumu yenyewe inashangaza. Morani aliyechoma mkuki aliimbiwa sifa, na aliyeufua akabaki mchafu, yeye na watoto wake ambao hawakuwa wamefua chochote. Huo ni uonevu, na desturi haiufanyi kuwa haki. Hata hivyo ndani ya uonevu huo limo wazo zito: aliyekipa chuma ncha ya kuchomea hawezi kujitetea kwamba yeye aliuza chuma tu. Wanasheria wa Marekani wanabishana juu ya jambo hilo hilo kuhusu bunduki. Mwaka 2005 nchi hiyo ilipitisha sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha dhidi ya kesi nyingi zinazotokana na uhalifu wa wanunuzi. Wamaasai walikuwa wameamua kinyume, bila bunge.

Majirani nao hawakukubaliana. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno huko Upare Kaskazini, walivyokuwa watawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Uchaggani, mmisionari Bruno Gutmann aliandika mwaka 1912 juu ya mhunzi aliyeogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja. Kama uchafu ungekuwa ndani ya chuma chenyewe, ungevuka mipaka ya Kilimanjaro na Meru bila shida.

Vitabu vitakatifu vinavyosomwa Arusha havijafunga mjadala. Kitabu cha Mwanzo kinamweka Tubal-kaini, mfua shaba na chuma, katika uzao wa Kaini, muuaji wa kwanza. Kimenyamaza kama hiyo ni shutuma au nasaba tu. Kurani ina sura iitwayo Chuma, inayotaja nguvu kali na manufaa ya chuma katika aya moja, na kwingineko Kurani inasema Daudi alilainishiwa chuma kwa neema. Wahubiri wa Idi ya kuchinja hupenda kusimulia jinsi kisu cha Ibrahimu kilivyogoma kukata. Mwanateolojia wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi: hata kukatwa shingo na kufa, alisema, havifungamani kwa lazima, Mungu ndiye anayeviambatanisha. Kwa fikra hiyo mhunzi anapumua. Lakini na muuaji je? Wanafikra wa Kiislamu walilazimika kutumia wino mwingi kueleza jinsi mkono wa mtu unavyobaki na dhambi yake.

Akeri, kwenye miteremko ya Meru, ilionyesha ugumu wa jambo hili. Oktoba 1896 wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na mashujaa wa huko, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Kapteni wa Kijerumani, Kurt Johannes, akaja kulipiza kisasi kwa bunduki. Katika masimulizi ya siku zile lawama huangukia mashujaa, watawala au Wajerumani. Aliyefua mikuki kwa kawaida hatajwi, wala kiwanda cha bunduki.

Kiwanda ndicho kilichobadilisha mambo. Boma la Wajerumani la Arusha lilijengwa mwaka 1900. Miaka miwili baadaye Ujerumani ilianza kutengeneza kisu cha kukunja kiitwacho Okapi, chenye bapa la chuma cha kaboni, kwa ajili ya makoloni yake barani Afrika. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mnunuzi wa kisu kama hicho hakutani na mhunzi. Swali la zamani halikujibiwa, lilikosa tu mtu wa kuulizwa. Visu vingi vinavyouzwa leo havitaji hata aina ya chuma, na muuzaji akiulizwa husema ni kigumu, hakishiki kutu, kisha hurudi kwenye bei. Fundi wa springi bado anaweza kuulizwa chuma kilitoka kwenye gari gani, alikizamisha kwenye maji au mafuta, na mteja aliyetangulia alitaka sime ya kazi gani.