Nikae Karibu na Nani?



Watu wengi wa vijiji vyetu huhamia Kalemie. Wengine hutoka pande za Moba kwa chombo cha ziwani. Wengine hutoka Nyunzu na Kabalo, Manono na Kongolo. Mmoja atafuta kazi, mwingine ataka watoto wake wasome, mwingine akimbia vita. Na kila mmoja, akiisha kushusha mizigo yake, hukutana na swali lile lile: Utakaa mtaa gani?

Wengi hudhani kwamba swali hili ni la fedha tu. Husema: Nitakaa pale ambapo nyumba ni rahisi, basi. Lakini sivyo. Mtu achaguaye mahali pa kulala achagua pia maji atakayoteka mkewe, njia watakayopita watoto wake, na watu watakaosikia kilio chake usiku. Achagua pia, hata kama hajui, watu gani atawasaidia na watu gani hatawaona kamwe. Kwa hiyo swali hili lahusu dhamiri. Na tulitazame polepole.

1. Uwezo wa kuchagua

Kwanza tukumbuke kwamba babu zetu hawakuwa na swali hili. Mji wa Kalemie ulianza mwaka 1891, Kapteni Jacques, Mbelgiji, alipojenga boma kandokando ya ziwa ili kupigana na wafanya biashara ya watumwa. Mji uliitwa Albertville. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, na kazi zikaongezeka. Lakini katika miji ya Kongo ya zamani hizo, mtu mweusi hakukaa alipopenda. Alihitaji karatasi ya ruhusa ili atoke kijijini akakae mjini. Mitaa ya Wazungu ilikuwa mbali na mitaa ya watu weusi, na makampuni makubwa yaliwajengea wafanyakazi wao kambi. Aliyeajiriwa alionyeshwa nyumba yake, na habari ikaisha.

Tangu uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 sheria hizo za ubaguzi zimekwisha. Leo mwenye haja aweza kutafuta nyumba Kataki au Lubuye au penginepo, kadiri ya mfuko wake. Ni jambo jema. Lakini uwezo wa kuchagua huleta mzigo wake. Aliyeamriwa kukaa mahali hana la kujibu. Aliyechagua mwenyewe ataulizwa: Kwa nini ulichagua hivyo?

2. Kutazama maji na udongo

Je, ni vibaya kutafuta mahali pazuri? La, si vibaya. Busara ni fadhila, na baba asiyejali afya ya watoto wake hawezi kujisifu kwamba amtumaini Mungu.

Tazama maji. Kipindupindu chajulikana Kalemie tangu miaka mingi. Ugonjwa huu huja kwa maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na watu watekao maji ya ziwa au ya mto Lukuga bila kuyachemsha wamo hatarini. Basi, kabla ya kulipa kodi ya nyumba, uliza: Bomba liko wapi? Choo kiko wapi? Binti yangu atatembea mwendo gani na ndoo kichwani? Mwanamume asiyeuliza hayo, kwa sababu si yeye atakayebeba ndoo, amechagua kwa miguu yake mwenyewe, akasahau shingo ya mwingine.

Tazama na udongo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, upitao hapo hapo Kalemie na kwenda kuungana na Lualaba. Mto huo ukizibwa na mchanga na majani, ziwa hupanda. Karne ya kumi na tisa Lukuga ilikuwa imezibwa. Mnamo mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na ziwa likashuka sana. Mwaka 1964 lilipanda tena. Na katika miaka yetu hii, mwaka 2021 na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za watu wa kandokando, wakatoka na magodoro vichwani.

Bwana wetu alisimulia habari za watu wawili, mmoja aliyejenga juu ya mwamba na mwingine juu ya mchanga. Alisema hayo kwa ajili ya roho, lakini watu wa ziwa huyaelewa hata kwa macho. Na hapa pana jambo la haki. Anayeuza kiwanja cha bondeni wakati wa kiangazi, naye ajua kwamba maji hufika hapo, kisha anyamaza ili mgeni asijue, amevunja amri ya saba kama vile angalivunja mlango usiku. Hawezi kuungama dhambi hiyo na kubaki na fedha. Lazima arudishe.

3. Kutazama watu

Hadi hapa kila mtu atakubali. Ugumu waanza tukifika kwa majirani. Tuchukue mfano.

Kijana mmoja atoka kijijini, afika kwa mjomba wake mjini. Baada ya siku chache asema:

– Mjomba, nimepata chumba karibu na mahali pa kazi. Maji yapo, na kodi naiweza.

– Mtaa gani, mwanangu?

Kijana autaja mtaa. Mjomba atikisa kichwa.

– Kule hakuna watu wetu. Ukiugua, nani atakupelekea uji? Ukifa, nani atakuombolezea kwa lugha yetu? Damu ni nzito kuliko maji. Kaa hapa kati yetu.

Je, mjomba asema uwongo? Hapana. Ndugu ndio waliompokea kijana, wakampa chakula na mkeka. Kuwaheshimu ni amri ya Mungu. Mgeni wa mji ahitaji mkono wa kumwongoza, na mara nyingi mkono huo ni wa ukoo. Anayewakimbia ndugu zake ili asiwasaidie, akajificha mtaa wa mbali asionekane na wenye njaa, huyo hachagui mtaa, akimbia wajibu.

Lakini wahenga walisema pia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Usiku wa manane moto ukiwaka, atakayekuja na ndoo ya kwanza si wa kabila lako. Ni yule ambaye ukuta wake wagusana na wako. Kwa hiyo jibu la kijana laweza kuwa hili: Mjomba, Jumapili nitakuja kwako, na ukiniita usiku nitakuja pia. Lakini na kule nitatafuta watu watakaokuwa wangu. Huyo hajaukana ukoo. Ameuongeza.

4. Kosa la Lutu

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba wachungaji wa Abrahamu na wa Lutu waligombana kwa ajili ya malisho. Abrahamu, ingawa alikuwa mkubwa, alimwachia mwana wa ndugu yake achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji mengi, akalichukua, akasogeza hema zake hata Sodoma.

Lutu alikosa nini? Kupenda maji si dhambi. Alitazama majani, wala hakuuliza: Watu wa huko wanampokeaje mgeni? Baadaye alijua. Wageni wawili walipolala kwake, watu wa mji waliuzunguka mlango wake ili wawatendee jeuri. Lakini Abrahamu, aliyebaki penye majani machache, aliwaona wageni watatu wakati wa jua kali, akawakimbilia, akawaandalia chakula.

Hiyo ndiyo alama. Ukitaka kuujua mtaa, usiulize kwanza: Hapa wanakaa kabila gani? Uliza: Mjane wa hapa, nani humtengenezea paa? Mgeni akipotea njia, watoto humcheka au humwongoza? Katika kila kabila utapata mitaa ya Abrahamu na mitaa ya Sodoma.

5. Hofu ya vita

Hata hivyo tusiseme maneno mepesi. Katika miaka ya 2016 na 2017 vita kati ya Watwa na Waluba viliunguza vijiji vingi vya Nyunzu, Manono na Kalemie. Maelfu ya watu walikimbilia mjini na kukaa katika vibanda vya majani. Mama mmoja wa namna hiyo, aliyemzika mtoto njiani, akisema: Siwezi kukaa karibu na watu wa kabila lile, nani athubutu kumkaripia?

Sisi hatumkaripii. Kuogopa si dhambi. Ana haki ya kulala mahali ambapo usingizi wamjia. Asiyechomewa nyumba asimfundishe aliyechomewa namna ya kusamehe haraka.

Lakini twaomba tutofautishe mambo mawili. Hofu yake mwenyewe ni kidonda, na kidonda chahitaji muda. Lakini mama huyo akimwambia mtoto wake mdogo, asiyekumbuka chochote, kwamba watu wote wa kabila lile ni wanyama, hapo hampi ulinzi. Ampa kidonda kisicho chake. Na mtoto huyo akikua, atachagua mtaa wake kwa kidonda hicho, naye atawafundisha watoto wake vivyo hivyo, hata siku moja mji wote utakuwa vipande vipande, kila kabila na ngome yake. Mji wa namna hiyo wangoja cheche moja tu.

Na tukumbuke kwamba pande zote mbili zilikimbia. Mtwa alikimbia, Mluba alikimbia. Penye bomba la maji, ndoo za wote wawili husimama katika mstari mmoja. Pengine upatanisho hauanzi kwa hotuba. Huanza siku mama mmoja amwambiapo mwenzake: Pita wewe mbele, mtoto wako analia.

6. Watu wasiochaguana

Jambo hili limepata kutendeka katika nchi yetu. Kusini ya Kalemie, kandokando ya ziwa, kuna Mpala. Mbelgiji Emile Storms alijenga kituo huko mwaka 1883, na mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Watu waliowakimbia wakamata watumwa, na watoto waliokombolewa, walikusanyika huko kutoka makabila mbalimbali. Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa, alifika mwaka 1887 ili kuwalinda, naye hakurudi tena kwao; alikufa katika nchi hii mwaka 1927. Wale watu wa kwanza hawakuchaguana. Hatari iliwaleta pamoja, wakalima pamoja, wakasali pamoja.

Na mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliazimu kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo zilizo hai. Jumuiya ya namna hiyo haikusanyi watu wa ukoo mmoja, wala wa kazi moja. Yakusanya wale wanaokaa karibu: fundi baiskeli, mjane, mwalimu, mvuvi anukaye samaki. Ndiyo kusema, mtaa wako ndio mwanzo wa kanisa lako.

Mwalimu mmoja wa sheria alimwuliza Yezu Kristu jirani yake ni nani. Alitaka apewe mpaka, ajue wapi upendo wake waweza kukoma. Bwana hakumpa mpaka. Alimsimulia habari za Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa, aliyemhurumia majeruhi njiani. Kisha akaligeuza swali, akamwuliza nani alijifanya jirani wa mtu yule.

Basi na sisi tuligeuze swali letu. Ndugu utakayehamia mjini, kabla ya kulipa kodi, jiulize haya:

Je, mahali hapa ni salama kwa wale walio dhaifu nyumbani mwangu, au ni pazuri kwangu peke yangu?

Je, nakwenda huko ili nipate maji, kazi na shule, au ili nisiwaone watu fulani?

Je, aliyenipangisha au kuniuzia ametenda haki? Nami siku nitakapouza, nitasema ukweli?

Je, nitamsalimu wa ukuta wa pili juma la kwanza, au nitangoja anisalimu yeye?

Ukiisha kujibu hayo kwa moyo mnyofu, chagua bila woga. Huenda ukapata mtaa mzuri, huenda ukapata mbaya, kwa maana fedha ya maskini haichagui sana. Lakini kuna jambo moja ambalo hata maskini aweza kulichagua. Siku moja mwingine atashuka kwenye chombo au kwenye lori, na mzigo wake mkononi, asijue pa kulala. Atauliza watu wa mtaa huu wakoje. Siku hiyo mtaa atakaouona ni wewe, umesimama mlangoni pako. Utafungua, au utafunga?