Nani Atalala na Mama Usiku Huu?

Jumatano

Soma Yohana 19:25-27. Yesu alifanya mpango gani kwa ajili ya mama yake, naye alikuwa katika hali gani alipoufanya?

Mwokozi alikuwa akibeba dhambi za ulimwengu, lakini hakuona kuwa makao ya mama yake ni jambo dogo. Hakuishia kumfariji kwa maneno. Alimkabidhi kwa mtu aliyekuwa amesimama pale, naye mwanafunzi yule akampokea nyumbani kwake tangu saa ile.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mzazi anatoka wodini kwa sababu hakuna tena tiba ya kumponya. Ndugu wanakaa kikao. Aliyeko Dar es Salaam anaahidi kutuma fedha kwa simu, wa Urambo anasema tumbaku haijavunwa, na kaka mkubwa anasema ataomba. Kikao kinafungwa bila kutaja nani atamgeuza mgonjwa saa nane za usiku. Kazi yote inamwangukia binti wa mwisho. Baada ya miezi miwili haonekani kanisani, na washiriki wanaanza kuulizana kama amerudi nyuma.

Soma Marko 7:9-13. Watu hawa walitumia dini kwa namna gani kukwepa wajibu kwa wazazi?

Mtu aliitaja mali yake kuwa wakfu, na wazazi wakabaki mikono mitupu. Korbani ya leo inaweza kuwa na sura nyingine. Mzazi akifa, gari la kusafirisha mwili hupatikana, jeneza hununuliwa, na rambirambi huandikwa daftarini. Lakini wiki tatu kabla ya hapo, fedha ya nepi, sabuni na dawa ya maumivu ilikosekana. Je, heshima iliyoamriwa katika Kutoka 20:12 huanza makaburini?

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ina mfano wa kufikirisha. Agosti 1872 David Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora. Miezi michache baadaye alikuwa akitokwa damu na hawezi kutembea. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao hawakuwa watoto wake. Hata hivyo walimbeba kwa machela, na katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, wakamjengea kibanda na kuinua kitanda chake juu ya unyevu. Usiku wa mwisho Susi alimchemshia maji na kumsaidia kupata dawa, na kijana Majwara alilala karibu naye. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873. Safari yao ya kuupeleka mwili hadi Bagamoyo, wakipitia Tabora, ndiyo inayosimuliwa zaidi. Lakini watu hao walikuwa wamembeba kwanza akiwa hai, na walikuwa wamegawana kazi.

Familia na kanisa vinaweza kufanya vivyo hivyo. Iandikwe zamu ya usiku, na mwenye fedha ajue ananunua nini. Mashemasi wa kike wamshike mkono binti yule, angalau siku mbili kwa wiki, ili alale. Kabla ya kutoka hospitalini, daktari aulizwe waziwazi kuhusu maumivu. Ocean Road iko Dar es Salaam na Bugando iko Mwanza, nazo ni mbali kwa mgonjwa asiyeweza kuketi. Kwa hiyo maswali yaulizwe mapema. Nchini Uganda, tangu 1993, Hospice Africa imeonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kunywewa nyumbani kwa usalama. Kutuliza maumivu si kukosa imani. Wazee waitwe kuomba na kumpaka mafuta (Yakobo 5:14, 15), na dawa iendelee kutolewa kwa saa yake.

Vipi kuhusu Sabato? Soma Luka 14:1-6. Anayembadilishia mama yake shuka wakati wa ibada hajaivunja Sabato. Ikiwa yeye hawezi kuja kanisani, darasa lake linaweza kwenda kwake na lesoni mkononi.

Hatimaye mzazi atalala usingizi wa mauti. Waaminio wanajua kwamba atapumzika bila kujua neno lolote hadi Bwana atakapomwita (Mhubiri 9:5, 1 Wathesalonike 4:13-18). Kwa sababu wafu hawasikii, maneno ya upendo, msamaha na shukrani yasemwe sasa, wakati sikio la mama lingali linasikia.

Kwa tafakari na mjadala:

1. Katika mtaa wa kanisa lenu, ni nani anamuuguza mzazi peke yake? Nani kati ya darasa lenu atalala huko wiki hii, na siku gani?

2. Soma Mwanzo 48:1, 2 na 49:29-33. Kwa nini ni vema kumwacha mzazi aseme mwenyewe matakwa yake kabla hajaishiwa nguvu?