Kufuata na Kuridhia: Juu ya Mbwa Mzee Aishiye Mashuani

Methali yetu yasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Wazee walioitunga waliijua bahari, ambayo ufuko wake huteremka polepole hata kiumbe aliyechoka hupata pa kukanyaga. Mifereji ya Uingereza hawakuijua. Huko ufuko u karibu mno, pengine hatua tatu tu, lakini mara nyingi umejengwa kwa mawe au kwa mabamba ya chuma yaliyosimama wima. Mbwa aliyetumbukia huuona, huuparura kwa kucha, wala asiweze kuupanda. Mbwa kijana huenda akaogelea mpaka akute mahali palipobomoka. Mzee, ambaye miguu yake ya nyuma imekwisha nguvu, hana ila mkono wa mtu. Ndiyo maana wengi wanaoishi na mbwa mashuani humvika jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni, ili apate kuinuliwa kama kikapu.

Ningependa, ndugu walimu, tuutazame mfano huu, ingawa u mbali na maisha yetu. Kwetu mbwa wengi hulala nje, hulinda boma, na uzee wao hautuingii machoni. Katika chombo chenye upana wa meta mbili na kitu, uzee hauna pa kufichwa, uwe wa mtu au wa mnyama. Na swali ambalo sisi twaweza kulipita kando kila siku, huko hulazwa mlangoni.

Mifereji hiyo haikuchimbwa kwa ajili ya makazi. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 ili kupeleka makaa ya mawe kutoka Worsley hadi Manchester, na mingine mingi ikafuata. Farasi alitembea kandoni akivuta kamba, na familia za mabaharia wa maji hayo ya ndani zililala katika kijichumba kimoja nyuma ya shehena. Reli ikaja, kisha malori. Na baridi kali ya 1962 na 1963, iliyoyagandisha maji kwa majuma mengi, ikaimaliza sehemu kubwa ya biashara iliyobaki. Leo mashua zile zile nyembamba, zenye urefu unaofikia meta 22, ni nyumba za watu: wengine wamezipenda tu, wengine wamekimbia kodi za miji, hasa London. Mwendo wake hauruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa. Na asiye na gati lake mwenyewe, kwa sheria ya mwaka 1995, haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, ila hali ikimhalalishia. Yampasa asogee, kiangazi na kipupwe.

Kwa mbwa kijana sioni maisha yaliyo bora kuliko hayo. Bwana wake hamwachi peke yake kutwa nzima kama afanyavyo mfanyakazi wa mjini; chombo huenda kwa mwendo wa miguu, naye aweza kuandamana nacho katika njia ile ya farasi, akinusa kila kichaka. Uzee huyageuza mambo hayo hayo yakawa mzigo. Ngazi ya kushukia ndani ni ya wima, na viungo vimekaza. Macho yameingia ukungu, nao ubao wa kupitia ukingoni ni mwembamba na una umande. Mganga wa wanyama aliyemjua amebaki nyuma. Zaidi ya yote, mbwa huujua ulimwengu kwa pua, na baada ya siku 14 ukingo aliokwisha kuujua huondolewa akapewa mwingine. Jambo hili lamsumbua hasa yule ambaye akili yake imeanza kufifia, maana mbwa nao hupotewa na akili uzeeni: husimama pembeni wakakabili ukuta, huamka usiku wakazunguka. Kweli, ndani ya chombo kila kitu hubaki mahali pake, jiko, mkeka, harufu ya makaa, na hilo ni faraja si haba. Lakini mlango ukifunguliwa, nchi ni ngeni.

Ukimwuliza mwenye mashua kwa nini amemweka mnyama wa namna hiyo katika maisha hayo, yaelekea atajibu: Mbona alinifuata mwenyewe? Nikirukia ukingoni huruka, nikirudi hurudi, sijamfunga kamba. Jibu hili si la uongo. Hata hivyo mwalimu wa lugha halipokei upesi, kwa sababu Kiswahili kina vitenzi viwili hapa. Kufuata ni jambo la miguu. Kuridhia ni jambo la aliyeonyeshwa njia mbili akaichagua moja. Mbwa hakuonyeshwa njia mbili. Alionyeshwa mgongo wa mtu mmoja, akaufuata, na angaliufuata vile vile kama ungalielekea jangwani. Utii wake hautuambii lolote kuhusu wema wa safari.

Plutarko, mwandishi wa Kiyunani, asimulia kwamba mwaka 480 kabla ya Kristo watu wa Athens walipoukimbia mji mbele ya majeshi ya Uajemi, mbwa wa Xanthippos, baba yake Pericles, hakuvumilia kuachwa. Alijitupa baharini akaogelea kando ya jahazi la bwana wake mpaka kisiwa cha Salamis, akafika pwani, akaanguka, akafa. Watu wakapaita mahali pale Kaburi la Mbwa. Kisa hiki hutajwa kuwa sifa ya uaminifu wa mbwa, nami siipingi sifa hiyo. Ila sifa yaweza kuwa njia ya kufunga mjadala. Tukisha kumjengea mbwa kaburi, hatuulizi tena kama jahazini hapakuwa na nafasi. Plutarko mwenyewe, katika maisha ya Cato, alikitaja kisa hicho ili kumlaumu Cato kwa kuwauza watumwa waliozeeka. Kwake, mtu mwema huwatunza farasi na mbwa wake hata wakiwa hawafai tena kazi.

Naye Kant, aliyefundisha Königsberg katika karne ya 18, aliwaambia wanafunzi wake kwamba mbwa aliyetumika kwa muda mrefu kwa uaminifu astahili kutunzwa mpaka afe, kama ambavyo mtumishi astahilivyo, na kwamba anayemtupa huudhuru utu wake mwenyewe. Maneno mazuri, lakini kwangu hayatoshi. Mbwa wa mashuani hakutumika. Hakulinda ghala wala kuchunga kondoo. Alilala juu ya paa akiota jua. Je, basi hadaiwi kitu? Naona deni lipo, na ni kubwa zaidi, ila chanzo chake si utumishi. Chanzo chake ni kwamba kana ya usukani ilikuwa daima mikononi mwa mmoja wao. Aliyemwongoza mwingine katika kila jambo, wapi alale, ale nini, aamkie ufuko gani, hawezi siku ya udhaifu kudai kwamba walikuwa washirika sawa.

Tulisikie neno lile lile karibu nasi. Mtoto amchukua mama yake mzee kutoka kijijini, amweka katika chumba cha ghorofa mjini, na majirani wakiuliza husema: Alikuja kwa hiari yake. Pengine ni kweli. Mama huyo walau aweza kuulizwa, kwa lugha yake, ajibu. Ingawa wangapi kati yetu huuliza? Mbwa haulizwi, kwa hiyo bwana wake hana budi kumsoma. Nami nasema wazi kwamba palipo uwezo, mashua ndiyo imfuate mbwa: safari zifupishwe, ngazi iwekewe ubao wa mteremko, gati la kukodi litafutwe karibu na mganga mmoja, na ikiwezekana miezi ya mwisho iwe ya nchi kavu. Maskini asiye na nyumba nyingine ila chombo hicho simlaumu. Simtaki atoe asichokuwa nacho.

Lililo gumu ni mwisho. Uingereza mganga humdunga mnyama sindano akalala, asiamke tena, na wengi huhesabu hilo kuwa rehema. Laweza kuwa hivyo. Laweza pia kuwa njia ya kuondoa taabu ya mwenye mnyama ikaitwa rehema. Na kinyume chake, kumwongezea mbwa majuma ya maumivu kwa kuwa bwana anaogopa ukimya wa chombo kitupu, nako kukaitwa upendo. Wote wawili wamesoma moyo wao wakadhani wamesoma wa mbwa. Kilicho nje ya moyo wetu ni kidogo, lakini kipo: anakula? Anainuka mwenyewe? Mashine ikizimwa, bado anakwenda omo kutazama wamefika wapi, au amekwisha kuacha kutaka kujua?

Karibu na Devizes mfereji hupanda kilima cha Caen Hill, na katika kipande hicho kuna malango 29, vyumba vya mawe ambamo chombo hupandishwa kwa kujazwa maji. Maji yakifunguliwa kwa nguvu, mashua huyumba na kugonga kuta. Mtu aliye peke yake hawezi kushika kamba na kumshika mbwa pamoja. Kwa hiyo humlaza ndani, hufunga mlango, hupanda juu, na kulifungulia maji tundu nusu tu, kisha husubiri, ingawa nyuma yake chombo kingine kimekwisha kufika na mwenyewe anatazama saa.