Kitabu cha Utotoni

Tukiulizwa kwa nini twakipenda kitabu fulani, hujibu upesi kwamba ni kizuri. Pengine sivyo. Pengine twakipenda kwa kuwa tulikisoma tungali wadogo, nao moyo ulizoea ladha yake kama ulimi uzoeavyo chakula cha mama.

Tufikiri habari za Agostino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Kilatini alikipata kwa maneno matamu ya walezi wake na michezo yao; Kiyunani alifundishwa kwa kutishwa na kuadhibiwa. Matokeo aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha Maungamo. Virgil alimpenda hata akamlilia malkia Dido, mtu wa hadithi tu, Homer alimchukia. Naye akiri kwamba hadithi za Homer nazo ni tamu: uchungu ulitoka katika ugeni wa lugha na ukali wa walimu.

Kisha, alipokuwa na umri wa miaka 19, alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, moyo ukamwaka kutafuta hekima. Akafungua Maandiko Matakatifu, akayaona duni, maana maneno yake hayakupambwa kama ya Cicero. Hapa ndipo tuogopapo. Sikio lililofunzwa vizuri lilimfungia mlango, naye akadhani ni akili yake iliyohukumu. Alibatizwa mwaka 387, baada ya miaka mingi. Wala ladha ya kwanza haikufa: hata katika Mji wa Mungu, aliouandika akiwa mtu mzima sana, Virgil angali yumo.

Sisi nasi tu wepesi wa kuhukumu. Tulikua na Hekaya za Abunuwas, nakala isiyo na jalada wala kurasa za mwisho. Juzi tulimpa mtoto wetu kitabu hicho, kipya na kizima. Alisoma kurasa tatu, akakirudisha kwa adabu. Tulikasirika, tukasema watoto wa siku hizi hawajui kitu kizuri. Usiku tulikisoma wenyewe, tukatambua ya kuwa mahali pengi hatukucheka kwa yaliyoandikwa. Tulicheka kwa kumkumbuka marehemu kaka yetu, aliyetusomea kwa sauti kando ya moto.

Je, hakuna kitabu kilicho chema kwa nafsi yake? Hatusemi hivyo. Agostino alikuja kuzipenda Zaburi kwa machozi. Ladha yaweza kukua, ila hukua polepole, tena kwa kunyenyekea.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Twakubali, lakini katika mtaa wetu wa kwanza sisi tulimkunja kwa fimbo. Kila mtoto aliyekosea Katekisimo alinyosha mkono. Mwezi uliopita mmoja wao alikuja kuandikisha ubatizo wa mwanawe. Tulipompa Katekisimo akaisome na mkewe, aliificha mikono nyuma kwanza, kisha akacheka, akaipokea.