Dhahabu ya Aliyeikana Dhahabu: Taashira na Maadili katika Sanamu za Budha za Patan

Mapokeo ya Wabudha yanasimulia kwamba Siddhartha Gautama aliihama ikulu ya babake, akavua mapambo na kuzikata nywele zake ili atafute ukomo wa mateso. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye anayevikwa dhahabu hekaluni. Je, kumvika dhahabu aliyeikana dhahabu ni kumtukuza au ni kumkanusha? Makala haya yanalichunguza swali hili kwa kurejelea sanamu zinazotengenezwa kwa mkono mjini Patan, katika bonde la Kathmandu nchini Nepal.

Jibu la mapokeo ni la kitaashira. Ngozi yenye rangi ya dhahabu ni mojawapo ya alama 32 za mwili wa Budha. Dhahabu haishiki kutu. Kwa hivyo inaashiria akili iliyoamka, isiyochafuliwa na tamaa. Kadhalika yungiyungi analolikalia humea matopeni likachanua safi, nao mkono wa kulia unaoigusa ardhi huiita iwe shahidi wa kuamka kwake. Isitoshe, ndani ya sanamu mna uwazi unaojazwa hati za maombi zilizokunjwa, kisha kitako kikazibwa. Kabla ya ibada ya kuitakasa, sanamu ni shaba tu. Ni dhahiri basi kwamba maudhui hayakai katika mng'aro. Fani ni mlango wa kuyafikia. Hata wasanii wa kale wa Sanchi, India, waliweza kumwashiria Budha kwa nyayo, mti au kiti kitupu.

Iwapo hoja ingekomea hapa, dhahabu ingekuwa imeachiliwa huru. Lakini taashira nayo ina historia ya utengenezaji wake. Fundi wa Kinewari huiumba sanamu kwa nta, akaikandika udongo, akaichoma hadi nta ikayeyuka na kutoka. Shaba iliyoyeyushwa humiminwa katika nafasi hiyo, na kalibu huvunjwa; ndiyo sababu hakuna sanamu mbili zilizo sawa kabisa. Katika njia ya jadi ya kutia dhahabu, dhahabu huchanganywa na zebaki, mchanganyiko ukapakwa juu ya shaba na kutiwa moto. Zebaki hupaa ikawa mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo ni sumu inayodhuru mapafu, figo na mishipa ya fahamu ya anayeuvuta.

Hapa ndipo swali la awali linapobadilika sura. Wahenga walionya kuwa si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Huku Patan king'aacho ni dhahabu kweli, na bado onyo linafaa, kwa kuwa tatizo si udanganyifu wa mng'aro bali gharama yake. Sanamu inayohubiri huruma kwa kila kiumbe inaweza kuwa imekamilishwa kwa pumzi ya mtu ambaye huruma hiyo haikumfikia.

Huenda ikadaiwa kwamba fundi mwenyewe huiona kazi yake kuwa ibada, na kwamba kuilaani ni kuua urithi wa karne nyingi. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, kujitolea kwa fundi hakumwondolei mnunuzi wajibu. Mvuke unaweza kunaswa kwa vyombo vya kuukusanya na kuupoza, lakini vyombo hivyo vina gharama. Anayedai sanamu tukufu kwa bei ya chini anamtwika fundi gharama hiyo mapafuni.

Kwa hivyo dhahabu yenyewe haimkanushi Budha. Kinachomkanusha ni usomaji unaoanzia kwenye mng'aro na kuusahau moshi. Mhakiki anayeifasiri taashira bila kumtaja aliyeiunda ameisoma nusu tu ya matini, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyomhusu zaidi yule aliyeihama ikulu kwa sababu ya mateso ya watu.