Mwanafalsafa Peke Yake Jukwaani

Tamthilia ya mtu mmoja inayosimulia maisha ya mwanafalsafa hukabiliwa na swali gumu: ushujaa wa dhamiri utaonekanaje jukwaani, ilhali uamuzi wenyewe hupitishwa moyoni, pasipo shahidi?

Mfano wa kale ni Socrates, aliyehukumiwa kifo huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Utetezi wake, kama ulivyoandikwa na mwanafunzi wake Plato, karibu wote ni sauti ya mtu mmoja mbele ya mahakama. Ndani yake mna kisa kifupi kinachostahili kusimuliwa polepole. Watawala thelathini waliokuwa wameutia mji mkononi walimwamuru yeye na wenzake wanne wakamlete Leon wa Salamis ili auawe. Wale wanne walikwenda. Socrates akarudi nyumbani kwake. Hakupiga kelele wala hakuhutubia umati; alikataa tu, akijua kwamba kukataa huko kungeweza kumgharimu uhai.

Lakini Leon aliuawa. Hapo ndipo penye uzito, na ndipo ilivyo rahisi mwigizaji kupita haraka. Mkono wa Socrates ulibaki safi, na hilo si jambo dogo katika mji wenye hofu. Hata hivyo usafi wa mkono mmoja haukumwokoa mtu yeyote. Mchezo wa mtu mmoja humweka mbele yetu yule aliyekataa, na kwa umbile lake humwacha nje yule aliyekufa. Mtazamaji anaweza kuondoka akimhusudu mwenye hekima, asikumbuke kabisa kwamba palikuwa na Leon.

Nchini Rwanda kasoro hiyo imepata jibu, kwa mwana anayewakumbuka wazazi wake. Cyprien Rugamba, aliyezaliwa mwaka 1935, alisoma seminarini Nyakibanda, imani yake ikapoa, akatoka. Alisomea historia, akawa mtafiti huko Butare, mshairi, na mwanzilishi wa kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe. Mwaka 1982 alirudia imani. Mwaka 1990 yeye na mkewe, Daphrose Mukansanga, walianzisha jumuiya ya Kikatoliki ya Emmanuel nchini, na mjini Kigali wakawahudumia watoto wa mitaani. Waliipinga siasa ya kuwagawa watu kikabila wakati kuipinga kulikuwa hatari. Tarehe 7 Aprili 1994, mwanzoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa nyumbani kwao pamoja na sita kati ya watoto wao.

Mwana wao Dorcy Rugamba, mwigizaji na mwandishi, aliyekuwa mmoja wa waliotunga na kuigiza tamthilia ya Rwanda 94, ameandika Hewa Rwanda, kitabu kilichotoka mwaka 2024, naye ameyasoma maneno yake jukwaani akisindikizwa na mwanamuziki. Ameyaandika kama barua kwa wasiokuwepo. Uamuzi huo wa kisanaa ni wa busara kubwa. Msemaji ni mmoja, lakini wanaosemeshwa ni wengi: baba, mama, ndugu. Hakuna anayegeuzwa pambo la ushujaa wa mwingine, na maisha yao hayapimwi kwa siku waliyouawa pekee. Ushujaa wa baba unaonekana ndani ya nyumba yenye watu, na watu hao ndio waliokuwa na cha kupoteza.

Swali hili, la aliyekataa na aliyekufa, lina uzito wa pekee huko Nkanka, sekta ya wilaya ya Rusizi iliyo kando ya Ziwa Kivu. Katika wilaya hiyo hiyo, Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa Kamarampaka. Humo watu waliitwa kwa majina kutoka kwenye orodha, wakatolewa, wakauawa. Wapo Wanyarwanda waliokataa kuua, na wapo waliokwenda mbele zaidi wakawaficha wenzao. Matendo hayo mawili hayalingani. La kwanza huiokoa nafsi ya mtendaji. La pili humweka hatarini kwa ajili ya mwingine, na hilo ndilo kubwa. Anayetaka kupeleka mchezo wa Socrates kwenye ukumbi wa shule au wa parokia huko Nkanka na ampe Leon nafasi yake: alitaje jina lake kwa sauti, aeleze alivyokufa, kisha ndipo amsifu mwanafalsafa.