Hata Aliyepona Huambiwa Arudi



Leo nawaomba mfungue Luka 17:11-19, habari ya wakoma kumi. Tumeizoea: kumi wakaponywa, mmoja akarudi kushukuru. Mara nyingi tunabaki na huyo mmoja. Leo tubaki kidogo na kile Yesu alichowaambia mwanzoni: waende wakajionyeshe kwa makuhani.

Kwa nini makuhani? Soma Walawi 13 na 14. Kuhani ndiye aliyekagua ngozi. Akiwa na shaka, anamtenga mtu siku saba, anamwangalia tena, ikibidi anaongeza siku saba nyingine. Hata aliyekwisha kutakaswa aliruhusiwa kuingia kambini, lakini akakaa nje ya hema lake siku saba, na siku ya nane ndipo akapeleka sadaka. Kwa lugha yetu ya leo, hiyo ni kliniki ya marudio!

Naandika haya kwa sababu mimi na mke wangu tunayaishi hapa Muleba. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na selimundu. Si laana, si uchawi. Sisi wote wawili tumebeba kinasaba cha ugonjwa huo bila kuugua, na wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na baadaye zamu ya mtoto wetu ikafika. Alipewa dawa kali za kuondoa uloto wa zamani, kisha akawekewa seli shina, zile zinazozalisha damu, kutoka kwa mdogo wake. Ziliingia kwa dripu tu, kama anavyoongezewa mtu damu.

Tuliporudi nyumbani tulitoa Misa ya shukrani. Jumuiya ilijaa, vigelegele kila kona. Mtoto wetu alikaa nje chini ya mwembe, amevaa barakoa, maana kinga yake ilikuwa bado changa. Nilimtazama nikamkumbuka yule mtu wa Walawi: amepona, lakini bado yuko nje ya hema.

Wiki ile ile mama mmoja wa jumuiya akaniuliza, "Mwanangu, si mmeshatoa ushuhuda? Mbona mnarudi tena Dodoma? Mnamtilia Mungu shaka?"

Hakuwa na ubaya, lakini swali hilo lilimuuma mke wangu. Yeye ndiye anayehesabu vidonge kila jioni, vile vya kuzuia uloto mpya usipigane na mwili wa mtoto. Ndiye anayeshika paji la uso usiku, kwa sababu homa kwa mtoto huyu si ya kusubiri kupambazuke. Haogopi safari wala sindano. Anaogopa zile dakika daktari anaposoma majibu ya damu kimya, hajasema neno.

Nilimjibu yule mama: Mama, Yesu mwenyewe aliwatuma aliowaponya wakakaguliwe. Hakuona kwamba ukaguzi unamwondolea utukufu. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali tukiwa wagonjwa, kisha kumpa tabibu nafasi yake, maana naye ameumbwa na Bwana. Kanisa letu halikuja hapa na katekisimu peke yake. Hospitali za Rubya na Kagondo, hapa hapa Muleba, ni za Kanisa. Anayekwambia utupe dawa ili uonyeshe imani, muulize imani hiyo ameitoa wapi.

Sasa ninyi vijana mnafanya nini? Kwanza, pimeni selimundu kabla ya ndoa. Kupima si kuvunja uchumba, ni kuingia mkiwa macho. Pili, changieni damu, kuna mtoto anayeisubiri. Tatu, mkijua familia iliyo kwenye kliniki za namna hii, msiishie kwenye "tunawaombea". Nauli ya basi kutoka Bukoba au Muleba hadi Dodoma inaumiza, na wanaobaki nyumbani wanahitaji kula. Na ukiwa na mafua, salimia kwa simu. Huo nao ni upendo.

Jambo moja msilisahau. Luka anasema wale kumi walitakasika wakiwa njiani. Walianza kutembea ngozi ikiwa bado na ukoma, wakatii, na neema ikawakuta barabarani. Jumatatu ijayo tunapanda tena basi, tupite Biharamulo na Kahama hadi Dodoma. Majibu hatuyajui. Ila siku ya ndoa yetu tuliahidiana kuwa pamoja katika ugonjwa kama katika afya, na kiti kimoja cha basi, mtoto akiwa katikati, ndipo ahadi hiyo inapokaa kwa sasa.

Tusali: Ee Yesu, uliyewatuma wakoma wakajionyeshe, safiri na wote wanaorudi kliniki wiki hii. Wape madaktari macho makini, wape wazazi usingizi, na majibu yakiwa yoyote, usituache njiani. Mama wa Huruma, utuombee. Amina.